Sauti ya Mtu Aliyepiga Magoti

Jovita alifuta mikono kwenye kanga, akapiga magoti kwenye sakafu ya sebule, akaisalimia simu.

Simu ilikuwa juu ya kigoda, spika imefunguliwa, imeegemezwa kwenye kopo la sukari. Upande wa pili, kisiwani Goziba, mumewe Aristides alikuwa amesimama mwaloni, ufukweni kati ya mitumbwi yake, na nyuma ya sauti yake ziliunguruma injini na vijana waliokuwa wakigombea ndoo.

"Umepiga magoti?" aliuliza.

"Nimepiga, Baba Evodia."

"Usinidanganye. Sauti ya mtu aliyepiga magoti inatoka chini. Yako inaelea juu juu."

Alikuwa amepiga magoti kweli. Akainama zaidi mpaka kidevu kikawa usawa wa kigoda, akarudia salamu yote tangu mwanzo. Safari hii Aristides aliridhika.

Kwa Wahaya, mwanamke kumsalimia mumewe kwa magoti si habari ya kumtoa mtu nje. Jovita alimwona mama yake akifanya hivyo kwao Kamachumu, huko Muleba, naye aliolewa akijua atafanya hivyo. Lakini kuipigia magoti simu ya mkononi, huo ulikuwa uvumbuzi wa Aristides mwenyewe, na kama uvumbuzi wa namna hiyo ungekuwa unakatiwa leseni, angekwisha kuikata zamani. Mtandao wa Goziba haukuwa na nguvu ya kuonyesha picha. Kwa hiyo alikuwa amejifunza kuona kwa masikio.

"Sikiliza," alisema. "Jumamosi mtumbwi mkubwa unakuja hapo mwaloni Nyamkazi. Funga vitu vyote. Wewe na mtoto mnahamia huku, mama yangu atarudi zake Rubafu. Nimechoka kukutunza kwa simu."

"Na shule ya Evodia?"

Upande wa pili Aristides alimfokea kijana azime injini.

"Umesemaje?"

"Sikusema kitu. Nimesema sawa."

Goziba hakuna basi wala njia ya kwenda kwa miguu. Kinachoingia na kutoka ni mitumbwi, na mitumbwi ya pale ama ilikuwa ya Aristides, ama ya watu waliokuwa wakimhitaji Aristides. Jovita alijua wazi kwamba akikanyaga mtumbwi ule Jumamosi, hakuna mtu atakayesikia habari zake tena ila zile ambazo mumewe ataamua kuzitoa.

Simu haikukatwa. Ilikuwa haikatwi tangu asubuhi mpaka usiku wa kulala. Aristides alikuwa na bando la kuongea kutwa, na bando lile alilitumia mpaka tone la mwisho. Alisikia maji yakimiminwa, kisu kikimenya ndizi, mlango. "Mlango wa nyuma umefunguka, nani?" Kuku. "Mbona kuku hakulia?" Binti yao Evodia, wa darasa la kwanza, alikuwa ameacha kuongea kwa sauti ndani ya nyumba. Alinong'ona, au alionyesha kwa kidole. Shuleni mwalimu wake alimsifu kuwa mtoto mpole sana.

*

Mtaa mzima wa Bilele ulimwonea wivu.

"Wewe mwenzetu una mume," alisema jirani yake Renatha, ambaye ukuta wa nyumba yake uligusana na wa Jovita. "Wa kwangu akinipigia, ujue amekosea namba."

Akatoa cheko lake kubwa. Jovita naye alicheka, kwa kuwa simu ilikuwa mfukoni mwa gauni lake, imewashwa.

Na kweli, kwa macho ya watu, alitunzwa. Samaki walikuja kutoka kisiwani, na majirani walipata. Dukani kwa Gozbert alichukua alichotaka bila kutoa senti, kwa sababu Aristides alimlipa Gozbert moja kwa moja. Shida ni kwamba Gozbert alikuwa na maagizo. Mwezi uliopita Jovita alikwenda kuchukua taulo za kike, duka limejaa watu, na Gozbert, ambaye si mtu mbaya, alinyanyua simu yake akampigia tajiri wake kwa laini yake ya pili. "Shemeji yuko hapa, anataka pedi. Ndiyo. Pakiti moja au mbili?" Wanaume wawili waliokuwa wakinunua vocha walitazama dari. Jovita alisubiri jibu la mumewe kama mtoto aliyetumwa. Alipewa pakiti moja.

Mama yake mzazi, Consolata, alikuja mara moja kutoka Kamachumu na mkungu wa ndizi. Alikaa sebuleni akitazamana na ile simu juu ya kigoda, akaongea kwa sauti ya chini kama yuko wodini, na kabla ya chai kupoa aliaga. Hakurudi tena. Aristides alisema afadhali, yule mama ana maneno.

Jumanne asubuhi redio ilikuwa ikizungumza peke yake jikoni. Mwanamke mmoja, msaidizi wa kisheria, alikuwa amealikwa kwenye kipindi. Jovita alikuwa akimenya ndizi na hakuwa akisikiliza kwa makini. "Kuna wanawake," yule mama alikuwa akisema, "hawajawahi kupigwa hata kofi, lakini mume anataka kujua kila—"

"Zima hiyo," ilisema simu.

Jovita akazima. Lakini Aristides alisahau kitu kimoja kuhusu Bilele: watu wa ukuta mmoja husikiliza redio moja. Kutoka kwa Renatha, kwa sauti kubwa zaidi, sentensi iliendelea hadi mwisho: kila anakokwenda, kila anayeongea naye, kila anachokula, na mke anaishi kwa kuomba ruhusa, halafu anaambiwa huo ni upendo. Huo nao ni ukatili. Tupo nyuma ya soko kuu, hatudai malipo.

Kisu kilisimama katikati ya ndizi. Jovita alijiuliza jambo dogo tu. Redio ilikuwa imezungumza tangu asubuhi, matangazo ya vifo, bei za kahawa, nyimbo, na Aristides hakuwahi kusema zima. Kwa nini hapo?

"Mbona kimya?" simu iliuliza.

"Namenya ndizi."

"Sisikii kisu."

*

Mama mkwe wake, Kokubanza, alikuwa ameletwa kutoka Rubafu baada ya mavuno ya kahawa ili, kwa maneno ya mwanawe, amlinde mkamwana. Alikuwa bibi mkavu, mchache wa maneno, mwenye rozari ya mbao shingoni. Jovita alimwogopa karibu sawa na simu. Aliamini kwamba kila alichokiona mchana alikipeleka Goziba jioni.

Kwa hiyo mchana ule Kokubanza alipomwashiria kwa kidole amfuate nje, Jovita aliiacha simu kigodani na kutoka. Walikwenda mpaka nyuma ya choo, kwenye migomba mitatu iliyokuwa ndiyo kibanja chote cha nyumba ile.

"Hapa simu haitusikii," Kokubanza alisema. "Jana nilikuwa mlangoni. Nimekuona."

"Mama, nilipiga magoti. Hata ukimwuliza…"

"Nimekuona ukipiga. Ndilo ninalosema." Bibi alivuta jani kavu la mgomba akalikunjakunja. "Mimi baba yake Aristides nilimpigia magoti maisha yangu yote, na sijutii. Nikipiga magoti, alikuwa anainama, ananishika mkono, ananiinua. Hata siku tuliyogombana. Hata alipokuwa mgonjwa na mgongo unamuuma. Nilimpigia mtu. Wewe unaipigia nini? Nani anakuinua?"

Machozi yalimtoka Jovita, na kwa mazoea akalia bila sauti.

"Nilikuja kukulinda, mwana wange. Nikadhani ni wezi." Kokubanza alitupa jani. "Nilisikia redio ya huyo mwenzako anayecheka sana. Nyuma ya soko, wamesema. Nenda kesho."

"Ataita, Mama. Nisipoitika…"

"Simu niachie mimi."

*

Jumatano, baada ya Evodia kwenda shule, Jovita alivua viatu, akatoka kwa mlango wa mbele akiwa amevibeba mkononi, akavivaa barabarani. Kokubanza alivuta kigoda karibu, akaanza kuosha sufuria.

Ofisini nyuma ya soko alimkuta Judica, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, sauti ile ile ya redioni.

"Mimi sina shida kubwa," Jovita alianza. "Hajanipiga. Hata siku moja."

"Sijauliza kama amekupiga, dada. Karibu ukae." Judica alimsogezea kiti. "Unatazama mlango. Ukichelewa kurudi, nini kitatokea?"

"Hakuna."

"Kama hakuna, mbona unatoka jasho?"

Jovita alifungua mdomo kumtetea mumewe, akajikuta anaeleza. Jinsi alivyochelewa kurudi kutoka kanisani, na Gozbert akaambiwa asimpe kitu, hata maziwa ya mtoto, mpaka aombe msamaha. Jinsi alivyoambiwa akiendelea kuwasiliana na ndugu zake, Evodia atapelekwa kwa shangazi. Jinsi simu inavyosikia. Alipofika kwenye kupiga magoti aliona aibu kali, akasema kwa haraka, akitazama meza. Mwisho akataja Jumamosi.

"Wewe unataka kwenda Goziba?" Judica aliuliza.

Swali jepesi tu. Lakini Jovita hakukumbuka ni lini mara ya mwisho mtu alimwuliza anataka nini.

"Sitaki."

"Basi tuanzie hapo." Judica alizungumza polepole. Sheria ya Ndoa inatambua ukatili wa mwili, na wa akili pia. Hakuna sheria inayompa mume haki ya kumhamishia mke asikotaka kwa vitisho. Wangeweza kwenda Dawati la Jinsia polisi, na akimtishia tu waende saa hiyo hiyo; na wangemwita mume mbele ya baraza la usuluhishi la kata kabla ya mtumbwi kuondoka. "Baraza watakuuliza alama za kipigo. Jiandae. Wana mazoea ya kutafuta alama."

Nyumbani wakati huo, Aristides aliita simuni. "Mama Evodia!"

"Anaanika nguo," alijibu Kokubanza, akiwa anaosha sufuria ile ile kwa mara nyingine.

"Mwite."

Bibi alikwenda mlangoni, akapaza sauti kwenye ua mtupu. "Jovitaaa! Unaitwa!" Akarudi. "Anakuja. Mikono ina sabuni."

"Mama, anakuja au haji?"

"Kwani huko samaki wamekwisha? Ngoja nisali." Akaivua rozari shingoni, akajisogeza kabisa kwenye simu, akaanza kwa sauti kubwa. Matendo ya furaha. Halafu ya mwanga. Aristides aliguna mara mbili, akakohoa. Alikuwa mtu wa kumkatiza kila mtu duniani, lakini hakuna mtoto aliyelelewa Rubafu anayemkatiza mama yake katikati ya Salamu Maria. Kokubanza akaingia matendo ya uchungu bila kupumzika. Hakuwahi kumdanganya mwanawe, na sasa alikuwa akimtumia Bikira Maria kama mlango wa kujibanza.

Alikuwa ameshaingia ya utukufu Jovita aliponyata kuingia na viatu mkononi, akaanguka magotini mbele ya kigoda.

"Nipo, Baba Evodia."

"Unahema."

"Nimebeba ndoo."

Kokubanza aliishika rozari hadi vidole vikauma.

"Umepiga magoti, leo nimesikia," alisema Aristides. "Endelea kufunga vitu."

*

Wito wa baraza ulimfikia Aristides kwa njia ya simu, naye aliucheka. Ijumaa alivuka ziwa akiwa na shati jeupe na saa mpya. Alipofika alipeana mikono na kila mjumbe, akawauliza habari za watoto wao kwa majina. Alikaa kwa raha. Jovita alikaa ukingoni mwa benchi la pili, Judica upande mmoja na Kokubanza mwingine. Nje barazani Renatha alikuwa amekaa na Evodia.

Mwenyekiti wa baraza alikuwa Mzee Byabato, mwalimu mstaafu, mtu mwenye huruma aliyekuwa na haraka ya kumaliza.

"Binti yangu," alisema, "mumeo amekupiga?"

"Hapana."

"Ana mwanamke mwingine?"

"Sijui. Sidhani."

"Anakunyima chakula?"

"Chakula kipo… Anaagiza yeye…"

"Sasa tunasuluhisha nini?" Byabato aliwageukia wenzake. "Mume kumpigia mkewe simu?"

Wajumbe walicheka, bila ubaya. Jovita alisikia masikio yakiwaka moto. Alikuwa amejiandaa kwa maneno makali, si kwa kicheko.

"Mzee, sheria inataja ukatili wa akili," Judica alisema.

"Nimeisoma, dada. Lakini akili hatuioni. Nikiandika hapa, niandike nimeona nini?"

Aristides alifungua mikono. "Wazee wangu, mimi sina la kuficha. Mama yangu mzazi nimemweka katika nyumba ile. Yuko hapa. Mwulizeni kama nimewahi kumgusa huyu mwanamke."

Kokubanza alisimama. "Hajamgusa," alisema.

Aristides alitabasamu. Jovita alifumba macho. Aliuona mtumbwi, mizigo, maji, akajuta kwamba aliwahi kumwamini bibi huyu.

"Hajamgusa hata kwa mkono wa salamu," Kokubanza aliendelea. "Aristides, ile simu yako, iweke hapo kitini."

"Ya nini, Mama?"

"Iweke. Mama yako anakuomba."

Akaiweka, huku akiwakonyeza wajumbe kidogo, kama mtu anayemvumilia mzazi. Kokubanza alisogeza kanga, akashika ukingo wa meza, na kwa shida ya magoti ya uzee akashuka taratibu mpaka sakafuni. Akapiga magoti mbele ya kiti. Akainamisha kichwa mbele ya simu ya mwanawe, akaisalimia kwa Kihaya, salamu ndefu ya mke kwa mume, neno kwa neno, na "waitu" ya heshima mwishoni.

Mama kumpigia magoti mtoto aliyemzaa, hilo hakuna mtu katika chumba kile aliyewahi kuliona, na wote walitamani wasilione.

"Mama!" Aristides aliruka. "Mama, inuka! Unanifanya nini mbele za watu?"

"Sijamaliza. Sauti imetoka chini au inaelea?"

"Inuka, nakuomba!"

"Yeye umemwambia arudie. Niambie na mimi nirudie." Bibi aliwageukia wajumbe. "Kila siku anafanya hivi. Nimemwona kwa macho yangu. Mtoto wako anaongea kwa kunong'ona, Aristides. Mjukuu wangu anaogopa kigoda."

Mzee Byabato alikuwa amekwisha kusimama bila kujua. "Inuka, mama," alisema kwa upole. "Tumeona. Inuka, waitu."

"Mlikuwa mnatafuta alama," alisema Kokubanza, bado yuko chini. "Haya, nikagueni mimi. Nionyesheni alama niliyoipata sasa hivi."

Byabato alivua miwani. Hakuna aliyecheka tena.

Aristides aliinama kumshika mama yake mkono, uso umemjaa damu, macho yamelowa. Yawezekana aliona aibu ya kweli, au yawezekana aliogopa tu watu watasema nini mwaloni. Mtu kama yeye mwenyewe hajui tofauti. Bibi aliutoa mkono wake katika wa mwanawe. Aliunyoosha upande wa pili, kwa Jovita, na Jovita akamwinua.

"Andika," Judica alimwambia katibu kwa sauti tulivu. Baraza halikuwa na uwezo wa kuivunja ndoa, na hakuna aliyejifanya kuwa linao. Wangeitwa tena, na ikishindikana wangeandikiwa hati ya kwenda mahakamani. Kodi ya nyumba ilikuwa kwa jina la Aristides. Gozbert alikuwa bado ana maagizo yake. Hayo yote yalikuwa yanamsubiri Jovita nje, naye aliyajua.

"Jovita," Mzee Byabato alisema, na safari hii hakumwita binti yangu. "Kesho mtumbwi ukija, unakwenda?"

"Siendi."

Aristides aligeuka taratibu. "Umesemaje?"

Ilikuwa sauti ile ile ya kigodani, na Jovita akaanza kushuka magotini kwa mazoea. Kokubanza akamshika kiwiko. Jovita akasimama.

"Nimesema siendi," alisema, kwa sauti iliyotoka hadi barazani.

Nje, Evodia aliisikia. Akainuka kwenye mapaja ya Renatha, akaja mpaka mlangoni, akatazama watu wazima wote waliokuwa wamenyamaza, kisha akauliza bila kunong'ona:

"Mama, tunaenda nyumbani?"